Miguu ya Kabugho Ndani ya Gunia Langu

Juzi asubuhi nilipita mbele ya ghala la Bwambale, mfanyabiashara mwenzangu hapa Bwera, nikasimama. Ilinisimamisha harufu. Ni harufu ya mazao yaliyofungwa yakiwa mabichi: tamu kidogo, nzito, kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Magunia yake ya mahindi yalikuwa yamepangwa mlangoni. Nilipeleka mkono kwenye moja, kama mtu anayeegemea tu. Lilikuwa na joto.

Mtu huyu amekuwa akininyang'anya wateja miaka tisa. Mwenyewe alikuwa ndani, anapiga simu. Nilivuka barabara kurudi kwangu, nikakaa kunywa chai. Lakini chai haikushuka.

Msiniulize nilisomea wapi mambo ya joto la gunia. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu, na mmoja kati ya hiyo nilifagia kuliko nilivyosoma. Hili nililijua kwa miguu ya Kabugho.

Ilikuwa miaka ya sitini. Baba yangu na kaka yake walilima pamba kwenye shamba moja lililokatwa katikati na mfereji. Upande huu nilivuna mimi, Biira. Upande ule alivuna Kabugho, binti wa baba mkubwa. Tulilingana kwa kila kitu isipokuwa mikono. Yake ilikuwa mirefu, na mimi niliihesabu kuwa ni dhuluma.

Jambo lililotunyima usingizi lilikuwa treni. Tulikuwa tumesikia kwamba reli inaishia Kasese, haiendi mbele tena hata hatua moja. Sasa treni inarudije? Mimi nilisema inageuka kama ng'ombe kwenye kona ya zizi. Kabugho alisema inarudi kinyumenyume hadi Kampala, na abiria wanashuka na kizunguzungu. Tulibishana hadi mama akatufukuza jikoni na mwiko.

Mwaka mmoja dereva wa lori la pamba alikubali kumpeleka Kasese mtoto mmoja, juu ya mzigo. Mmoja tu, alisema, wa pili ataanguka akichekeshwa na wa kwanza. Baba mkubwa akaamua: katika wiki ya mwisho ya mavuno, kila mmoja ajaze gunia lake, na mwenye pamba safi nzito zaidi ndiye atakayepanda.

Pamba ilikuwa ya aina mbili tu. Nyeupe isiyo na doa iliitwa safi. Yenye madoa au iliyogeuka njano iliitwa fifi, na bei yake ilikuwa ya kusikitisha. Nyumbani kulikuwa na amri moja: usiguse pamba kabla jua halijakausha majani. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na mimi sikuwa mtoto wa kutii kitu nisichokielewa. Nilikuwa nimegundua kwamba kapu la alfajiri linavuta shingo kuliko kapu la mchana. Basi wiki ile niliamka wakati baridi ya mlimani bado inauma masikio, nikavuna na umande wake, nikajiona nina akili kuliko watu wote wa bonde lile.

Lakini gunia la pamba halijazwi na mtu mmoja. Mdomo wake unatundikwa kwenye miti, mmoja anaingia ndani akanyage, mwingine anamimina kutoka juu. Baba zetu walikuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo mimi nilimjazia Kabugho lake, yeye akaja kunikanyagia langu, na matusi yetu yakipishana juu ya mdomo wa gunia.

"Kanyaga, ama unabembeleza mtoto?" nilimwambia.

Akaacha kukanyaga. Kichwa chake tu ndicho kilichoonekana.

"Biira, pamba yako iko na moto."

"Ni miguu yako hiyo."

"Miguu yangu naijua. Uliivuna na umande."

Baba mkubwa alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ananoa jembe. Nilingoja Kabugho apaze sauti. Badala yake aliishusha.

"Itakuwa njano yote. Toa sasa tuianike. Lori ni kesho kutwa."

Nilimtazama nikitafuta mtego. Mnunuzi wa pamba alikuwa na tabia ya kuzamisha mkono ndani ya gunia hadi begani. Angetoa konzi moja ya njano, angesema "hii fifi, weka kando," na Kabugho angepanda lori bila mtu wa kumbishia. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Nilichunguza uso wake mpaka akaniuliza kama nina tatizo la macho.

Kisha akatoboa gunia kwa kidole gumba cha mguu, palipokuwa pamechakaa, akamwambia baba yake kwamba gunia la Biira limepasuka, inabidi tulimwage. Tukatandaza mikeka. Siku mbili tuligeuza pamba yangu juani na kutoa yenye madoa, huku akiniambia kwamba ninaokota kama kuku kipofu.

Siku ya mizani, mkono wa mnunuzi ulizama ndani ya gunia langu ukakaa humo muda mrefu. Ulipotoka, alisema, "Safi." Lakini jua lilikuwa limekunywa uzito wangu wote wa alfajiri, na Kabugho alinishinda kwa uzito wa kuku mmoja. Akapanda juu ya lori. Mimi nililia nyuma ya banda la mbuzi, na ninyi ndio watu wa kwanza kuambiwa.

Alirudi nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi. Akasema treni haigeuki wala hairudi kinyumenyume: kichwa kinafunguliwa, kinapita njia ya pembeni peke yake, kinakuja kufungwa mkiani, na mkia unakuwa mbele. Tulikuwa tumekosea wote wawili. Kilichonishangaza ni kwamba nilimwamini palepale, mimi niliyekuwa namkatalia hata akisema mvua inanyesha.

Biashara nilianza na beseni moja la maharage soko la Mpondwe. Watu husema Biira alijijenga mwenyewe, na mimi huwa siwakatazi. Lakini swali la mikeka ile nilikaa nalo hadi nina wajukuu. Mwaka jana, kwenye arusi, nilimuuliza Kabugho kwa nini hakunyamaza. Alitafuna kwanza, akameza.

"Ungezeeka ukisema umeshindwa na umande," alisema. "Mimi nilitaka ushindwe na mimi."

Nililifikiria hilo juzi, chai ikiwa imepoa mbele yangu. Mwishowe niliinuka, nikavuka tena barabara. Bwambale alikuwa bado na simu sikioni.

"Mahindi yako yana homa," nilimwambia. "Yamwage uyaanike leo. Kama huna mikeka ya kutosha, kwangu iko."

Alishusha simu. Alinitazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena, akitafuta mtego. Nami nilimwacha autafute.