Kaburi la Tano Ndani ya Uzio

Kabla kiwanda hakijanichukua nilikuwa dalali wa ng'ombe. Mnadani ng'ombe huhesabiwa mara mbili, anapoingia zizini na anapotoka. Asiyefanya hivyo hurudi nyumbani na kamba mkononi. Tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti kilichokuwa kinajengwa mashariki ya Nzuguni. Wakubwa walitaka mtu wa kuzungumza na wenye mashamba, anayejua kushusha bei bila kumvunjia mtu heshima. Wakaniita msimamizi wa eneo.

Kiwanda kilikuwa kimeomba serikalini hadhi ya eneo maalumu la mauzo ya nje. Nieleze kama nilivyoelezwa mimi. Ukipata hadhi hiyo, mashine zako zinaingia bila ushuru, nawe unalazimika kuuza ng'ambo sehemu kubwa ya unachozalisha. Kwa hiyo unatakiwa uwe na uzio mzunguko mzima, lango moja tu, na afisa wa forodha langoni. Machoni pa forodha, mtu akivuka lango lile ni kama ametoka nchini. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Nimezaliwa Kondoa, pasipoti sina, na kila asubuhi ningekuwa nasafiri.

Fomu ya maombi ilikuwa na mstari wa makaburi. Nilipita eneo lote kutoka barabarani hadi korongoni nikahesabu marundo manne ya mawe, nikarudi kutoka korongoni hadi barabarani nikayapata manne yale yale. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mjane, Mgogo, ambaye alishapokea fidia na kuhamia kwa binti yake Mvumi. Nilimuuliza makaburi yako wapi, akanionyesha manne. Kibali kikatoka, bwana afya akaja, mchungaji akaja, yakahamishwa kwa heshima. Nikaandika: makaburi manne, yote yamehamishwa. Nikatia saini. Tembe lake likasukumwa na katapila, na karatasi ya katapila pia niliisaini mimi.

Lakini yule mama aliendelea kuja. Kila mwezi, wiki ya kwanza, alipenya upande wa korongo ambako uzio ulikuwa haujafika, akakaa chini pale palipokuwa na ukuta wa nyuma wa tembe. Anakaa, kisha anaondoka. Walinzi walisema amekumbuka nyumba yake. Mimi niliwaza kidalali: huyu anataka nyongeza. Katika biashara, mtu anayerudi mara kwa mara bila kusema neno ndiye mgumu kuliko wote. Nikaandaa maneno yangu nikamsubiri aanze yeye.

Ikaja barua kwamba wakaguzi watafika Alhamisi. Wakiona uzio umekamilika, na makaratasi yanafanana na ardhi, watapendekeza hadhi itolewe. Mashine zilikuwa tayari bandarini, na watu wa Nzuguni walioandikishwa kazi walikuwa wananiuliza habari hata msibani. Jumatatu fundi akaja kuziba lile pengo la korongoni. Asubuhi hiyo hiyo mama naye akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnafunga?"

Nikamwambia tunafunga, na kwamba baada ya leo hapiti mtu asiye na shughuli ya kiwanda. Kisha, kwa upole wa kazi yangu ya zamani, nikamwambia kama kuna jambo limebaki kwenye fidia aliseme sasa.

"Fidia nilikula," akasema. "Mwanangu yuko hapa."

Alinieleza taratibu, Kiswahili kikimwishia anaingiza Kigogo, akiona sijaelewa anarudia. Katika ukoo wao mtoto anayefariki kabla ya kupewa jina hapelekwi kwenye mawe pamoja na wakubwa. Anazikwa nyuma ya ukuta wa chumba cha mama yake, bila jiwe, bila alama. Wa kwake aliishi siku sita.

Nikamuuliza, na sauti yangu sikuipenda, mbona hakuniambia siku ile.

"Uliuliza makaburi, nikakuonyesha makaburi. Huyu hatusemi ana kaburi. Tunasema yuko nyumbani."

Kwetu Kondoa hata mtoto wa siku moja hulazwa makaburini na wenzake. Haikunijia kuuliza. Nilikuwa nimehesabu mara mbili kitu kile kile.

Nikajaribu la kawaida: tutamhamisha kwa gharama ya kiwanda, kama wale wanne. Akatikisa kichwa. "Wale walikuwa watu wazima, njia wanaijua. Huyu Mvumi atapajulia wapi?" Nikamweleza habari ya lango na forodha, ili aone kwamba si ukatili wangu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mkifunga, mwanangu atakuwa nje ya nchi?"

"Kwa makaratasi, mama, ndiyo."

"Na mimi hata Morogoro sijafika."

Nikamwambia fundi aweke koleo chini. Nikaenda kwa meneja.

Meneja si mtu mbaya. Alinisikiliza, akauliza ni nani aliyehesabu. Nikasema ni mimi, mara mbili. "Basi ulikosea mara mbili," akasema. Kisha akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba pale hapana jiwe wala alama, na kwamba zimebaki siku tatu tu kufika Alhamisi. Hakunituma nidanganye. Aliniachia tu nafasi ya kunyamaza, pana ya kutosha.

Nisijifanye mwema. Mchana kutwa nilipatana bei na nafsi yangu. Nilijiambia mtoto hajui, mama atazoea, watu wanasubiri ajira. Kilichonishinda ni neno moja nililoliandika kwa mkono wangu: yote. Jioni niliandika barua ya masahihisho, mistari miwili: makaburi manne yamehamishwa, la tano lipo na familia haitaki lihamishwe. Meneja akaisaini akisema kama hadhi itakwama, atakayekwenda kuwaambia watu wa Nzuguni ni mimi.

Alhamisi nilimleta mama kutoka Mvumi. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alizunguka uzio wote kwa miguu, akafika kwenye pengo, akaisoma barua akiwa amesimama. Alimwamkia mama, akamuuliza mwenyewe kama anataka mtoto ahamishwe. Mama akasema hapana. Mkaguzi akasoma tena.

Akasema mpaka uliochorwa kwenye ramani hautabadilishwa, ila hakuna kanuni inayomzuia marehemu kuwa ndani ya uzio. Mahali pale pasijengwe. Anayeingia apite langoni, aandikwe, na awe na mwenyeji wake kiwandani.

"Nitaingia?" mama akauliza.

"Utaingia, mama. Langoni."

Mkaguzi akayaandika masharti hayo chini ya barua, mama akaweka dole gumba. Fundi akaziba pengo huku yeye anatazama.

Hadhi ilitoka baada ya wiki kadhaa. Meneja aliisoma uwanjani, pilau likaliwa, watu wa Nzuguni wakapewa magwanda. Mwezi ulipoanza mama akaja langoni, mara ya kwanza. Afisa wa forodha, kijana mstaarabu, akaandika jina lake na anakotoka, kisha akauliza anamtembelea nani. Mama akanigeukia mimi. Mtoto hakupewa jina, na kwao aliyeondoka bila jina habandikwi jina baadaye. Kalamu ikasubiri.

"Niandike mimi," nikasema.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kwa mujibu wa kitabu cha lango, yule mama huja kunitembelea mimi. Na kanuni inataka mwenyeji ampokee mgeni langoni na kumrudisha mwenyewe. Kwa hiyo natembea naye hadi pale, nampa mgongo, nangoja hadi nisikie anainuka. Hatuzungumzi sana. Mara moja aliniuliza kama mama yangu yu hai.

Sasa nimeitwa kazi kwenye soko la mahindi Kibaigwa, kazi ninayoijua na mshahara mnono. Meneja amekubali nibaki mwenyeji kwenye kitabu cha lango hata nikiondoka. Niliwaambia wa Kibaigwa mambo mengine yote tutapatana, isipokuwa siku moja kila mwanzo wa mwezi nitakuwa Nzuguni, nina mgeni. Wakauliza mgeni gani huyo asiyeweza kunifuata Kibaigwa. Nikawaambia hilo halipunguzwi. Bado hawajanijibu.