Daftari la Fundi Mapazia

"Laki tatu kwa mwaka, mama, la sivyo wateja hawakuoni mtandaoni."

Mtaalamu huyo wa mitandao alitaka fundi mapazia wa Temeke aiache blogu yake ya bure, ahamie jukwaa la kulipia lenye kifaa cha kuchagua maneno yanayotafutwa na watu. Nywila ya blogu, aliyopewa ili aikague, alishaibadilisha bila kumwambia mama ile mpya.

"Maneno ninayo," mama alijibu, akafungua daftari. Humo ameandika maswali ya wateja kama walivyouliza, na kila swali ni kichwa cha habari kwenye blogu.

Mie msaidizi wake nikaandika swali moja kwenye simu yangu: "Pazia la sebuleni dirisha mbili Temeke bei gani?" Blogu yake ikatokea ya kwanza. Nami niliyejifunza kazi kwake bila darasa nilijiona mrefu.

"Bahati tu hiyo," jamaa akanung'unika.

Mama akamsogezea daftari na kalamu. "Andika nywila yangu hapa."