Mti wa Chunguni kwa Madame

Mwaka 1952, huko Ngungu, Nzabandora aliokota mti nyuma ya jiko la Mzungu aliyemwajiri kutunza bustani. Ulikuwa mti mzima, shina nene, lakini haukufika hata gotini, umepandwa katika chungu kifupi kama sahani. Madame, mke wa Mzungu huyo, aliuacha dirishani alipokwenda likizo Ulaya. Kila boyi aliyepita aliumwagia maji, mpaka majani yakalegea na kuanguka. Mwishowe mpishi akautupa, akidhani ni muyenzi, ule mti wa ua ambao maziwa yake huharibu macho.

Nzabandora alivunja jani moja nene. Maziwa hayakutoka, yalitoka maji safi.

"Hii haiko muyenzi," alimwambia Symphorien, mtunza bustani mwenzake. "Inajiwekea maji yake yenyewe. Njo maana tulikuwa tunaiua."

Alikata mizizi iliyooza, akauacha mti kivulini siku nne ili kidonda kikauke, akaupanda katika changarawe nyeusi za volkano. Maji aliunyima mpaka majani yakunjamane. Majuma yakapita bila kitu, na watu wa jikoni wakamcheka kwamba anauguza kuni. Mwezi wa tatu machipukizi mawili yakatokeza. Nzabandora, mwanamume mzima na ndevu zake, alilia.

Haukuwa mchezo. Bwana alikwisha kutangaza kwamba Madame akirudi atachagua mtunza bustani mmoja, na wa pili atapelekwa Walikale kuchimba mawe ya bati, miaka mitatu, mbali na mke na watoto. Nzabandora aliuwekea mti ule tumaini lake lote. Na bado alimfundisha Symphorien kila kitu, maana Symphorien alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake, Drocella. Utamficha nini mtu aliyemshika mwanao mbele ya padri?

Ndipo baba yake Nzabandora akafa. Kwao, mwenye msiba hagusi jembe, mbegu wala udongo siku nane. Wabatizwa wengi waliuvunja mwiko huo kwa siri. Yeye hakutaka kumkosea baba yake, akampelekea Symphorien chungu.

"Kaka, unichungie hii muti. Siku nane tu."

"Usiogope, kaka. Lia papa yako kwa amani."

Siku ya sita Madame akarudi. Nzabandora aliporejea kazini, kichwa kimenyolewa, alimkuta Symphorien kavaa koti jipya la mtunza bustani. Nzabandora akaenda moja kwa moja barazani, kofia mkononi, akamwambia Madame kwamba mti ule ameuponya yeye. Madame akamgeukia Symphorien. Symphorien akainamisha macho, mpole kweli kweli.

"Alinisaidia kubeba chungu, Madame."

Mwizi wa mbuzi ana haya kuliko mtu yule! Mpishi alikuwapo, alijua yote, akaendelea kusugua sufuria.

Lori la Walikale lilikuja Jumatatu. Symphorien naye akaja kuaga, eti, na Drocella akamkimbilia, akapiga magoti kuomba baraka kama alivyofundishwa. Mukasine, mke wa Nzabandora, akageukia ukuta.

"Uende na amani, kaka," Symphorien alisema, mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Bibi yako na watoto, nitawachunga."

Nzabandora alikuwa amekwisha kupanda lori.

"Utawachunga," alijibu, "halafu utasema ni wako."