Vituo Kumi na Vinne vya Katekista Ruthi

Alizaliwa Ruthi Semkiwa mwaka 1966, katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Lushoto. Mwaka 1991 alihamia Chumbageni, akaitikia wito wa ukatekista, na kwa miaka thelathini akawafundisha watoto wetu sala.

Sifa yake ilianzia njiani. Kutoka nyumbani hadi kanisani alisimama mara kumi na nne, mkono kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, midomo ikicheza. Kumi na nne! Sisi tukaona Njia ya Msalaba, ibada ya vituo kumi na vinne vya mateso ya Bwana. Watu wakaanza kumfuata na kupiga magoti kila aliposimama. Mimi Noa, katibu wa parokia, niliyaandika hayo kwa mbwembwe katika jarida letu, Mungu anisamehe. Hata Bi Zuleha, jirani Mwislamu, husimulia jinsi Ruthi, akiwa ameegemea mlango wake, alivyosikia mtoto akipaliwa ndani, akaingia, akamwokoa.

Mwaka 2021, Ijumaa ya Kwaresima, alianguka kwenye kituo cha tisa, ambapo Bwana wetu alianguka mara ya tatu. Nasi, nashindwa hata kuandika, tukalala kifudifudi nyuma yake tukidhani ni ibada. Bi Zuleha ndiye aliyepiga kelele: "Jamani, mama wa watu anakufa huyo!"

Alipelekwa Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha damu ikipita mapafuni. Nilimsindikiza. Kila alipoambiwa abane pumzi, alishindwa kabla ya nusu ya Salamu Maria. Daktari Samiha akatuonyesha picha: mishipa ya mapafu imekuwa myembamba, na upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kusukuma damu.

"Shikamoo, mama. Pumzi ilianza kukata lini?"

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wa kumi na moja huu. Nikitembea kidogo, sharti nisimame."

Nikaingilia: "Na zile sala?"

"Nilisimama kwa kukosa pumzi, Noa. Nikishasimama, nifanyeje? Namwombea mwenye nyumba."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mmepiga magoti. Niliona haya."

Daktari alisema dawa zingemfaa zaidi kama angezianza mapema. Ruthi alifariki tarehe 14 Machi 2022.

Waumini wanataka misalaba kumi na minne barabarani. Atakayetaka kumwiga na amwombee mwenye nyumba, lakini kwanza amsogezee kiti aliyesimama, amuulize kama anaumwa. Miaka kumi na moja tulimfuata, umati mzima, na hakuna aliyemuuliza.