Kikombe cha Mama Feza

Harufu ya klorini siivumilii mpaka leo. Nikiisikia tu, narudi Kalemie, kwetu Kongo kando ya ziwa, masika yale ya kipindupindu, nikiwa na miaka tisa na kiburi kilichozidi umri wangu.

Nilisoma kwa masista. Kila sikukuu ya mtakatifu mwanzilishi wao, mwalimu wetu Sista Adelina alitusimulia maisha ya mtakatifu huyo: alivyofungua shule katika zizi la ng'ombe, alivyowafundisha watoto wa maskini kusoma, alivyokunywa kikombe kimoja na wagonjwa ili wasijione wametupwa. Kisha kila mtoto aliokota karatasi kikapuni, yenye tendo la wema la kufanya siku hiyo hiyo bila kumwambia mtu. Wenzangu walipata kufagia kapela, kanisa dogo la masista. Mimi nilipata: "Mtembelee mgonjwa." Basi, nikajiona nusu mtakatifu.

Mgonjwa alikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mama Feza, muuza ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, alikuwa na siku mbili hajatoka, na Mama alitukataza hata kupita uani kwake. Nilipita. Ndani palikuwa na giza, na nzi walikuwa wengi mno.

"Toka humu, mutoto! Usiguse kitu!" alisema kwa sauti iliyokauka.

Nikachukua kikombe chake, nikanywa. Akageukia ukutani, akalia. Nilidhani analia kwa furaha.

Nilirudi mbio, sikunawa, nikamkuta mdogo wangu Kito analilia bukari, ugali wetu. Nikammegea, nikamlisha tonge baada ya tonge, naye akicheka.

Kesho yake Kito alianza kuhara. Kufika jioni alikuwa kwenye hema la wagonjwa, macho yamezama. Daktari aliuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyemgusa mgonjwa mwingine. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini tendo lilikuwa la siri, tena niliogopa fimbo. Mama akanitangulia, akakiri kuwa ni yeye.

"Njo miye, Docteur. Nilimupa maji ya ziwa, sikuyachemusha."

Siku ya tatu tulimzika Kito. Mimi sikuumwa hata tumbo.

Ukubwani, nilipokuwa mwalimu mwenyewe, ndipo nilipoelewa kwamba siri ile ya kikapuni iliwekwa tusijisifu, wala haikuwa ya kufichia kosa. Nilielewa, nikaona aibu, nikanyamaza tena.

Mama sasa amezeeka. Kila asubuhi huchemsha maji, huyaacha yapoe, kisha huyachemsha mara ya pili. Wajukuu humcheka, humuuliza kwa nini.

"Juu miye njo niliua mutoto wangu," huwajibu.

Nami huwa nimeketi hapo hapo, namsikia, na bado sijafungua mdomo.