Chumvi Ambayo Haikuwemo

Kijiko kilikwangua sahani ya bati mara tatu, kikanyamaza, kisha nikasikia kuku wa jirani wakikimbilia uani kwetu. Nilikuwa chumbani, katika nyumba niliyopanga Masuguru, nikisahihisha sura ya tasnifu yangu ya uzamili iliyorudishwa kwa mara ya pili. Sauti ile haikuwa na kitu cha kumtisha mtu. Kila ua wa Korogwe unaijua. Lakini muda mfupi kabla yake nilikuwa nimempelekea mama chakula cha mchana, na mama hakuwahi kumpa kuku ugali ambao binadamu bado angeweza kuula.

Nilichungulia dirishani. Sahani ilikuwa tupu. Mama alikuwa akiifunga upya kanga yake, na upindo ambao zamani uliishia ubavuni sasa ulizunguka hadi mgongoni.

"Umeshiba, mama?" niliuliza nilipotoka.

"Nimeshiba, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Mchicha ulikuwaje?"

"Ulikuwa umeiva."

Nililitafakari jibu hilo alasiri nzima. Kuiva ndiyo sifa ya mwisho ambayo mchicha unaweza kupewa na mtu muungwana.

Wiki tano kabla ya siku hiyo mama alianguka nyumbani Kwamsisi, anakoishi na kaka yangu na mkewe. Ilikuwa presha. Nesi aliwaagiza wapunguze chumvi na waache magadi kwenye mlenda, nami nikaambiwa kwa simu. Nilipofika, wifi yangu alitutengea ugali wa muhogo, mchicha na biringanya. Nilimega tonge la kwanza na ladha ikanishtua, kwa kuwa nilikuja nikitarajia chakula cha mgonjwa. Nikanawa mkono. Mbele ya kaka na majirani wawili nikasema, "Wifi, kwa chumvi hii utamuua mama."

Wifi alikusanya sahani, moja juu ya nyingine, akaingia jikoni. Kesho yake nilimpakia mama kwenye pikipiki hadi barabara kuu, kisha tukapanda basi lililopitia Segera, na nilipomfikisha Masuguru nilijiona nimemwokoa.

Nilipika kama nilivyodhani mtu wa presha hupikiwa: chukuchuku. Mchicha, maboga, nyanya chungu, hata papai lililokuwa halijaiva sawasawa, vyote niliviweka kwenye maji mengi, nikavichemsha mpaka vikalegea, nikamwaga maji. Nilivipima kwa mizani ndogo na kuandika kwenye daftari. Nami nilivila, nikitafuna kama mtu anayetimiza kifungu cha sheria, nikijiambia kwamba ulimi utazoea. Ulimi wangu haukuzoea. Wa mama haukujaribu.

Baada ya siku ya kuku nilianza kuhangaika. Nilikamua ndimu kwenye mchicha, nikazidisha, mama akafumba jicho moja. Niliunguza vitunguu swaumu, nyumba ikanuka hadi asubuhi. Siku ya tatu gesi iliisha, nikawasha jiko la mkaa, nikaweka biringanya na nyanya juu ya makaa huku nikiwaza sentensi moja ya tasnifu. Nilipogutuka, maganda yalikuwa meusi. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Nilimenya, nikaponda, nikachanganya na kitunguu kibichi na ndimu kidogo, nikampelekea.

Alimega tonge, akalichovya. Akamega la pili.

"Hii inakaribia," alisema.

"Inakaribia nini?"

Alimeza kwanza. "Ya wifi yako."

"Ya wifi ina chumvi, mama."

"Tangu lini?" Aliniangalia kama anayemwonea huruma mtu aliyepotea njia ya kwao. "Toka walivyonipima pale zahanati, Ramadhani iliyopita, hajatia chumvi kwenye chungu changu. Magadi alimwaga. Nyanya anachoma, biringanya anachoma, ufuta anakaanga anatwanga, embe bichi anakatia humo. Kaka yako alinuna siku mbili, akanyamaza."

"Na kuanguka?"

"Vile vidonge. Nilikuwa nameza siku nikikumbuka."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unasema wewe. Ukishaanza, nani anapata nafasi?" Alilamba kidole. "Halafu nikae kwako nisifie chungu cha mwenzio, nitalala wapi?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi, ambaye katika kila ukurasa hudai ushahidi, nilikuwa nimehukumu kwa tonge moja: kina ladha, basi kina chumvi. Kwa hukumu hiyo nilimdhalilisha mwanamke mbele ya mumewe na majirani zake, kisha nikamkondesha mama yangu wiki tano.

Nilijaribu kuandika ujumbe. Wa kwanza ulikuwa na utangulizi. Wa pili ulieleza mazingira ya kosa kabla ya kulitaja kosa. Nilizifuta zote. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba nilipenda ujumbe kwa sababu hauna sauti ya mtu anayenyamaza. Nikapiga.

"Shikamoo, wifi."

Kule kulikuwa na mchi ukitwanga. Ukatulia.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Amekonda. Chakula changu hali, anawapa kuku." Nikavuta pumzi. "Wifi, nilikukosea mbele za watu. Chumvi haikuwemo."

"Haikuwemo," alisema.

"Naomba unisamehe. Na kaka nitamwambia mwenyewe, na wale majirani."

Alinyamaza muda mrefu. Sikuujaza.

"Una ufuta hapo?" aliuliza hatimaye.

"Sina."

"Kanunue. Biringanya ulichoma na ganda lake?"

"Na ganda lake."

"Angalau hilo umelijua, msomi. Haya, mpe mama simu, nisikie mwenyewe kama amekula."

Nikampa.