Kobe Ndani ya Kioo

Shemeji yangu ni fundi vioo, na kumshauri ni kumpigia mbuzi gitaa. Dada yangu alipofariki alimwachia vyumba viwili, cherehani na kobe mmoja mdogo, wa aina ile inayojifunga ndani ya gamba mpaka usione hata ukucha. Enzi za dada, kobe alikaa jikoni kwenye sanduku la mbao lenye udongo wa unyevu na majani makavu. Shemeji akaona ni aibu.

"Sanduku la viazi hili!" akaniambia. "Miaka thelathini nawawekea watu vioo, wangu akae gizani?"

Nikamwambia aliache lilivyo. Wapi! Alilivunja sanduku, akakata vioo vinne, akavisugua kingo na kuviunganisha kwa gundi. Ndani akamwaga changarawe nyeupe, juu ya kona moja akafunga taa ya joto, akaweka kazi yake mezani, mbele ya sahani yake. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kila jioni alikula huku akimsimulia kobe ni dirisha la nani limevunjika.

Wiki ya tatu akanipigia simu. Sauti nusura nisiitambue.

"Shemeji, leo siku ya tisa hajagusa chakula. Huyu akifa, humu ndani nitaongea na nani?"

Nilikwenda mbio. Kobe alikuwa anasukuma kioo kwa pua, anateleza, anarudi palepale. Pua ilikuwa imechubuka. Changarawe ilikuwa kavu kabisa, na hakuwa na pa kujichimbia wala pa kujificha.

"Muone," shemeji akasema, "anataka kuja kwangu."

"Aje kwako afanye nini? Huyo haoni kioo, baba! Anaona njia, anaifuata, anajigonga. Tangu umtoe kwenye mbao hajapumzika."

Nilisema kwa ukali, kisha nikamtazama usoni nikajuta.

"Dada yako alilijua hilo?"

"Ndiyo maana alichagua mbao."

Hakubisha, na hilo peke yake lilinitisha. Alitoa kopo la rangi nyeusi ya fremu, akapaka vioo vyote vinne kwa nje, kutoka chini hadi juu, bila kuacha hata tundu. Alizoa changarawe, akajaza udongo wa unyevu na majani, akaweka kipande cha chungu kilichovunjika kiwe maficho na sinia la maji ya kina kifupi. Siku ya pili kobe alikula nyungunyungu watatu.

Siku hizi nikipita jioni namkuta shemeji amesimama kando ya meza, sahani mkononi, anachungulia ndani kwa juu huku akitafuna. Kiti kiko nyuma yake. Namwambia akae, miguu itamuuma.

Anasema akikaa haoni mtu.